Mpira wa Trekta Ukipasuka: Vifaa vya Kukata na Kufunga Fitingi

*Haya ni mazungumzo yaliyotolewa katika semina ya siku moja ya vikundi vya kujisaidia vyenye trekta, trela na pampu. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili waliokosa kufika wayasome katika mikutano yao.*



Nimeombwa niseme juu ya kazi ambayo sikuisomea darasani. Diploma yangu mimi ni ya maendeleo ya jamii, siyo ya umakanika. Lakini miaka hii yote ya kutembelea vikundi imenifundisha jambo moja: mradi mara nyingi haufi kwa sababu ya kitu kikubwa. Unakufa kwa sababu ya kitu kidogo kilichokosekana siku kilipohitajika. Leo kitu chetu kidogo ni ule mpira mweusi wenye waya ndani, unaopitisha oili ya haidroliki katika trekta na trela. Pamoja nao ni zile fitingi za chuma zilizo kwenye ncha zake, na vifaa vya kuzifungia.

Nitaanza na kisa, kwa sababu ndicho kilichonifanya nijifunze.

Kidole cha kijana wetu

Mwaka wa 2018 nilikuwa nikitembelea kikundi kimoja cha wakulima. Walikuwa wamenunua trekta kuukuu pamoja na trela ya kumwaga, ile inayoinuliwa nyuma kwa jeki ya haidroliki. Mvua ndefu ilipoanza, mpira wa jeki ukapasuka. Dereva akapanda basi na kipande mkononi akaenda mjini. Akarudi siku ya nne na mpira mpya, na kumbe nyuzi za fitingi hazilingani na za jeki. Akarudi tena mjini. Kwa jumla zikapita siku nane, na samadi ya wanachama bado iko zizini.

Baada ya miezi michache mpira ukapasuka tena. Safari hii kijana mmoja wa kikundi, mwerevu sana, akasema, "Kwa nini twende mjini? Nitautengeneza hapa hapa." Akakata sehemu mbovu kwa kisu cha jikoni, akaingiza kipande cha bomba katikati, akafunga klipu mbili kila upande, zile za kukaza kwa bisibisi. Mimi nilikuwepo siku hiyo. Nilimpongeza mbele ya watu wote. Nilisema huyu ametuokolea pesa, tumpigie makofi. Tukapiga.

Trela ikiwa tupu, mpira ulishika. Siku ya tatu waliipakia mchanga. Ilipoanza kuinuka, oili ikaanza kutoka kwa njia nyembamba kama sindano, hata huioni vizuri. Kijana akapitisha mkono kwenye mpira kutafuta inatokea wapi. Akahisi kama amechomwa na mwiba kwenye kidole. Akafuta, akacheka, akaendelea na kazi. Usiku mkono ukavimba. Alikaa siku mbili nyumbani akiweka maji ya chumvi. Alipofika hospitalini, daktari alifungua mkono akakuta oili imeingia ndani mpaka kwenye kiganja. Kidole kilikatwa.

Mnajua sisi vikundi tunapenda kusema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi sasa nikisikia methali hiyo namkumbuka kijana yule. Kosa halikuwa lake peke yake. Yeye alijitolea. Sisi ndio tuliompa kazi bila vifaa, bila mafunzo, kisha tukampigia makofi. Kwa hiyo ninayoyasema leo ni deni langu kwake.

Ndani ya mpira mna nini

Hebu tuukate mpira katikati tuangalie. Kipande hiki kizungukeni mkipitishe nyuma, kila mtu aguse.

Mtaona sehemu tatu. Ndani kabisa ni bomba la mpira linaloshika oili. Katikati ni waya nyembamba za chuma zilizosukwa kama ukili wa mkeka. Juu ni ngozi ya mpira inayokinga waya zisishike kutu. Nguvu yote iko kwenye waya. Ule mpira wa ndani peke yake ungevimba kama puto na kupasuka.

Kuna aina nyingine ambayo waya ziko nje na zinang'aa. Hiyo mtaiona kwenye magari ya mashindano, kama yale yanayokimbia Safari Rally kule Naivasha, katika njia za petroli na za kupoza oili ya injini. Ni nzuri na haishiki kutu upesi, lakini ikigusana na kitu kingine gari likitikisika, hukikwaruza kama tupa. Lazima ishikizwe mahali pake.

Sasa presha. Tairi ya gari dogo huwa na presha ya kama ratili 30, yaani bari 2 na kidogo. Haidroliki ya trekta nyingi hufanya kazi kati ya bari 150 na 200. Hiyo ni zaidi ya mara sabini ya ile ya tairi. Sasa mnaelewa kwa nini klipu ya bisibisi haiwezi. Klipu ni ya mpira wa maji ya rejeta. Haikutengenezwa kwa kazi hii.

Someni maandishi kabla ya kununua

Mpira halali umeandikwa ubavuni. Msinunue mpira usio na maandishi, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Tafuteni mambo manne.

La kwanza ni aina. Kwa viwango vya Ulaya mtaona 1SN, maana yake safu moja ya waya, au 2SN, safu mbili. Kwa viwango vya Marekani mtaona 100R1 kwa safu moja na 100R2 kwa safu mbili.

La pili ni ukubwa wa tundu la ndani. Mafundi hutumia namba, na kila namba ni sehemu ya kumi na sita ya inchi. Namba 4 ni inchi robo. Namba 6 ni sehemu sita za kumi na sita, yaani tatu ya nane ya inchi. Namba 8 ni nusu inchi. Ukijua hesabu hiyo, hakuna muuzaji atakayekuzungusha.

La tatu ni presha ya kazi. Mpira wa 1SN wa nusu inchi ni wa bari 160, na wa 2SN wa ukubwa ule ule ni wa bari 275. Wa tatu ya nane ni bari 180 kwa safu moja na bari 330 kwa safu mbili. Mnaona? Mpira ukiwa mpana zaidi, presha unayoweza kushika hupungua. Kwa hiyo msiseme tu, "nipe mnene." Mnene si lazima uwe na nguvu zaidi.

La nne ni tarehe ya kutengenezwa. Mpira uliokaa juani dukani miaka mingi hukauka ukapasuka kama ngozi ya kisigino.

Kisha fitingi. Kosa la dereva wetu wa siku nane lilikuwa hapa. Fitingi mbili zinaweza kufanana kwa macho na zisikutane kabisa. Ile ya JIC, ambayo ni ndugu wa ile ya AN ya magari ya mashindano, ina mdomo ulioinama nyuzi 37 za pembe. Herufi AN zilitokana na viwango vya jeshi la nchi kavu na jeshi la majini la Marekani. Ipo nyingine ya nyuzi 45, na ya Kiingereza iitwayo BSP ina koni ya nyuzi 60. Ukilazimisha moja kuingia katika nyingine, itashika mizunguko miwili, halafu itavuja au itaharibu jeki. Dawa ni rahisi: dereva akienda mjini, abebe mpira wote wa zamani na fitingi zake zote mbili, na ikiwezekana hata kile kipande cha jeki kinachopokea.

Kazi ipi ni yetu, ipi si yetu

Hapa nataka mnisikilize vizuri zaidi, kwa sababu ndipo pesa na maisha yanapopotelea. Gaweni mipira mafungu manne.

Fungu la kwanza ni mipira ya presha ndogo: maji ya rejeta na oili inayorudi kwenye tangi. Hiyo fundi wa kikundi anaweza kubadilisha kwa klipu nzuri.

Fungu la pili ni mipira yenye fitingi za kufungwa kwa mkono. Hizi zina vipande viwili: soketi inayovaa mpira kwa nje, na nipeli inayoingia ndani. Nipeli ikizungushwa inapanua mpira, na waya zinabanwa kati yake na soketi. Fitingi hizi zinaweza kufunguliwa na kutumika tena kwenye mpira mpya. Kampuni ya Aeroquip, iliyoanzishwa mwaka 1940 katika mji wa Jackson, Michigan, ilijulikana sana kwa fitingi za namna hii. Kwa kikundi cha kijijini zinafaa, kwa sababu vifaa vyake ni vya mkono na havihitaji umeme.

Fungu la tatu ni fitingi za kubanwa kwa mashine. Hizi zina kikombe cha chuma ambacho mashine yenye meno hukikandamiza pande zote mara moja. Nyingi ya zile mnazoziona kwenye trekta ni hizi. Zipo mashine ndogo za kupampu kwa mkono, na najua vikundi viwili hapa vinafikiria kununua. Nitarudi kwenye hilo.

Fungu la nne ni mipira ya breki. Hii msiiguse. Mpira wa breki hununuliwa ukiwa umeshafungwa na kupimwa kiwandani, na una alama zake. Asije mtu akawaambia anaweza kukata na kufunga mpira wa breki wa matatu kwenye kibanda chake. Trela ikikataa kuinuka, mtashusha mchanga kwa sepetu. Breki ikikataa mteremkoni, hakuna sepetu ya kuwasaidia.

Vifaa vya kukata

Haya, tuseme mna mpira wa fungu la pili. Mnahitaji nini?

Kwanza, msumeno wa chuma wenye meno madogo, uzi wa meno 32 kwa inchi moja. Meno makubwa hunasa waya na kuzivuta. Pamoja nao muwe na tepu ya umeme. Zungusha tepu mara mbili au tatu kwa kukaza pale unapotaka kukata, kisha kata katikati ya tepu. Tepu inashika waya zisitawanyike kama ufagio. Jambo hili ni la kupuuzwa na wengi, na ndilo linaloharibu kazi nyingi, hasa ule mpira wenye waya nje. Waya zikishatawanyika, soketi haiingii tena, na mtu huanza kulazimisha.

Pili, kama mko karibu na umeme, grainda yenye kisahani chembamba hukata safi kuliko msumeno. Lakini ina masharti. Vaa miwani ya kazi. Usikate mpira uliokuwa na petroli, kwa sababu cheche na mvuke wa petroli havikai nyumba moja. Usikandamize sana, maana joto huunguza mpira wa ndani.

Tatu, mafundi wengine hutumia tindo kali na nyundo nzito juu ya chuma bapa, wakakata mpira mwembamba kwa pigo moja. Inafanya kazi, lakini tindo iwe kali kweli, na pigo liwe moja. Ukipigapiga unaponda mpira.

Kisu cha jikoni, panga na koleo viachwe nyumbani. Kisu hukata mpira lakini hakikati waya, na koleo huponda.

Mkato uwe mnyoofu kama mkate uliokatwa vizuri. Na kabla ya kukata, pimeni urefu. Mpira ukiingia presha unaweza kufupika hata kwa sehemu 4 katika 100, yaani mita moja ikapungua sentimita 4. Mpira uliokatwa ukiwa umenyooka kabisa utavuta fitingi zake. Acheni ulegevu kidogo.

Baada ya kukata, safisheni ndani. Vumbi la chuma na chembe za mpira zikibaki, zitakwenda moja kwa moja kwenye pampu na vali, na hapo mtalipa mara kumi. Pulizeni kwa kompresa kama ipo, au vuteni kitambaa safi kisichotoa nyuzi kwa kutumia waya. Halafu zibeni ncha zote mbili kwa karatasi ya plastiki mpaka wakati wa kufunga.

Vifaa vya kufunga

Kifaa cha kwanza ni jiriwa, ile mafundi wetu huita vaisi, iliyofungwa kwenye meza isiyotikisika. Kwa fitingi laini za alumini, zile za rangi nyekundu na buluu, wekeni vipande viwili vya alumini au vya mbao kwenye midomo ya jiriwa zisiumie. Kisha spana mbili za kulingana na fitingi, moja ya kushika na moja ya kuzungusha. Msitumie spana ya mabomba ya maji, ile yenye meno. Inatafuna fitingi.

Muwe na oili safi, tepu au chaki ya kuwekea alama, na rula. Basi. Vyote hivi vinaingia katika sanduku moja la mbao.

Sasa hatua kwa mpira mweusi wa trekta. Nyinyi vijana andikeni.

1. Bana soketi kwenye jiriwa, bila kuiponda.

2. Ingiza mpira kwenye soketi ukizungusha kuelekea kushoto, kinyume cha saa. Usishangae. Nyuzi za ndani ya soketi nyingi za aina hii zimekatwa kwenda kushoto kwa makusudi. Endelea hadi mpira ugonge mwisho, kisha urudishe robo mzunguko.

3. Weka alama kwenye mpira pale unapotokea kwenye soketi. Alama hii itakuonyesha kama mpira umerudi nyuma.

4. Paka oili kwenye nipeli na ndani ya mpira. Usifunge kavu. Nipeli kavu huchana mpira wa ndani, nawe huoni kitu mpaka siku ya kupasuka.

5. Zungusha nipeli kuelekea kulia kwa spana, polepole, mpaka ibaki nafasi ya kama milimita moja kati yake na soketi.

6. Angalia alama yako. Ikiwa imesogea, mpira umesukumwa nje. Fungua, kata ncha, anza upya. Usiseme "itashika tu."

Kwa ule mpira wenye waya nje, hatua ya pili ndiyo hubadilika. Hapo mpira husukumwa ndani ya soketi kwa mkono, ukiupindapinda kidogo, mpaka ukaribie nyuzi za nipeli bila kuzifunika. Mengine ni yale yale.

Mkifunga mpira kwenye mashine, angalieni ule mstari wa maandishi ubavuni. Ukiwa umejizungusha kama nyoka mtini, mpira umesokoteka, na utapasuka kabla ya wakati wake. Legezeni, nyoosheni, mkaze tena kwa spana mbili.

Kujaribu

Kiwandani na kwenye maduka makubwa, mpira mpya hujaribiwa kwa pampu ya maji au oili kwa presha mara mbili ya ile ya kazi. Msijaribu kwa hewa ya kompresa. Hewa iliyobanwa ikipata njia hulipuka na kurusha chuma.

Hapa kijijini fanyeni hivi. Trela iwe tupu, watu wote wawe mbali, watoto wafukuzwe kabisa. Injini iende polepole. Inua kidogo, shusha. Inua mpaka juu, shusha. Halafu zima injini, toa presha kwa kusogeza mkono wa haidroliki, ndipo usogee kuangalia. Trela ikiwa juu, mtu asiingie chini yake bila nguzo imara ya kuitegemeza, hata kama anachukua kofia yake iliyoanguka.

Na kutafuta mahali panapovuja, tumieni kipande cha katoni kwenye kijiti. Pitisheni katoni karibu na mpira, nayo italowa. Kamwe msitumie mkono. Oili ikimchoma mtu, hata kama ni alama ndogo kama ya sindano, na hata kama haumi, mpelekeni hospitali saa ile ile. Mwambieni daktari kwa maneno haya: "Amedungwa na oili yenye presha." Msimwambie amejichoma tu, kwa sababu atafungwa bandeji arudishwe nyumbani. Hii ni kazi ya upasuaji wa haraka, na kila saa ina maana. Kijana wetu alipoteza siku mbili.

Tununue mashine ya kubana?

Sasa nirudi kwenye swali la vile vikundi viwili. Mmeona mashine ya kubana, mmeipenda, mnataka kuomba wafadhili au kuchanga. Sisemi msinunue. Nasema jibuni kwanza maswali haya.

Je, mnajua ilipita mipira mingapi mikononi mwenu mwaka uliopita? Siyo kukisia, bali kutoka kwenye daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Kama mlibadilisha mipira mitatu, mashine italala chini ya kitanda cha mweka hazina.

Je, mna meno ya ukubwa wote mnaohitaji? Mashine bila meno yanayolingana ni chuma tu. Je, mna jedwali la mtengenezaji la vipimo vya kubana, na kalipa ya kupimia? Kikombe kikibanwa kidogo, mpira huchomoka. Kikibanwa kupita kiasi, waya hukatika ndani na hakuna anayeona. Mpira wa kampuni moja na fitingi za kampuni nyingine huenda visipatane hata ukubwa ukiwa ule ule.

Na la mwisho: je, ni nani atakayeiendesha, na amefundishwa wapi? Pelekeni vijana wawili kwenye chuo cha ufundi kilicho karibu, au kwa fundi anayejulikana wakae naye. Wawe wawili, ili mmoja akiolewa au akipata kazi mjini, ujuzi usiondoke naye.

Maoni yangu ni haya. Vikundi vingi vilivyo hapa vianze na sanduku la vifaa vya mkono, pamoja na mpira mmoja wa akiba uliofungwa tayari na duka linaloaminika kwa kila mpira muhimu wa trekta yenu. Utundikeni ghalani ncha zikiwa zimezibwa, mbali na jua. Kama kikundi kile cha 2018 kingekuwa na mpira mmoja wa akiba ukutani, zile siku nane zingekuwa saa moja. Na kijana yule asingehitaji kuwa shujaa wetu.

Vikundi vitano au sita vya eneo moja vinaweza baadaye kuungana kununua mashine moja. Hapo hesabu itakuwa na maana.

Mwisho

Mtaniuliza yule kijana yuko wapi. Yupo. Mkono wake ulipona, ingawa haukunji vizuri. Leo yeye ndiye mtunza vifaa wa kikundi kile. Sanduku liko kwake, na ufunguo uko shingoni. Mtu akimwendea na kisu cha jikoni na klipu mbili, haongei maneno mengi. Anainua tu mkono wake.

Nawaomba, mkirudi nyumbani, msisubiri mpira upasuke ndipo mkumbuke mazungumzo haya. Wiki hii hii kagueni mipira yote ya mashine zenu. Ule wenye malengelenge, ule unaoonyesha waya, ule wenye unyevu kwenye fitingi, muandikeni kwenye daftari na mpange siku ya kuubadilisha.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kikundi chetu kina mipira mingapi yenye presha? Ipi iko katika fungu la kwanza, la pili, la tatu na la nne?

2. Mpira upi ukipasuka leo utasimamisha kazi yote? Je, tuna wa akiba?

3. Ni nani kati yetu anayeruhusiwa kukata na kufunga mpira? Alifundishwa na nani?

4. Je, tumewahi kumpigia mtu makofi kwa kazi ya hatari kwa sababu ilituokolea pesa? Tutafanya nini tofauti?